Pumzi Iliyofutwa Kwenye Kanda

Mwanangu Kabula,

Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. Zamani tukiandika barua tulikuwa tunasema hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Hofu yangu mimi haikungoja ufike mbali. Umetoka tu kwenda Mwamkulu kumuaga shangazi yako, jua bado lipo, mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, na mimi nimekaa hapa sebuleni mbele ya zile spika za mbao, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mtendaji bila kuambiwa kosa lake.

Usitegemee nikuandikie habari za kufunga begi wala kulinda simu kwenye treni. Hayo mama yako ameshayasema, kesho atayarudia, na wewe utamjibu "sawa mama" huku unawaza mengine. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana tumeshindwa. Siku hizi mimi na wewe tukiongea tunaitikiana tu. Wewe unasema, mimi naitikia. Mimi nasema, wewe unaitikia. Mtu akituangalia kwa mbali atasema baba na binti hawa wanaelewana sana. Karatasi haina mambo ya kuitikiana, unaisoma na usipoelewa unarudia mstari.

Niseme moja kwa moja, nisije nikazunguka mpaka mama yako akaniita kula. Naogopa masikio yako yameanza kwenda yalikokwenda ya kwangu. Naogopa kwamba unajua. Na kesho unaanza safari ya Dar es Salaam kufanya kazi ambayo ni masikio matupu, kusimama mbele ya mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na kuamua maelfu ya watu wasikie nini. Majirani wananipongeza tangu wiki iliyopita. Nawaambia asante, halafu naingia ndani nakaa.

Unajua historia yetu, lakini hujawahi kuisikia kwa namna ninayoiona mimi leo. Babu yako alikuja huku na ng'ombe kutoka Usukumani, akafika Usevya akaona maji na majani, akasema hapa hapa. Pamoja na ng'ombe alikuja na ngoma. Kwetu ngoma haichezwi peke yake. Zinawekwa mbili, zinaelekeana uwanjani, kila moja na manju wake, yule mtunzi anayeongoza nyimbo, na watu wanasimama katikati. Hakuna jaji. Watu wanaamua kwa miguu yao, upande utakaovuta wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo kila kundi linatafuta kivutio. Wapo waliocheza na chatu shingoni, wapo waliocheza na nungunungu. Babu yako alikuwa anarusha jembe juu na kulidakia mgongoni. Alikufa na mgongo mbovu, lakini hakuwahi kushindwa, au ndivyo alivyotuambia sisi wanawe.

Mimi sikurithi mgongo wa kudakia majembe. Nilirithi ushindani. Nilipoanza kazi ya kukodisha muziki kule Usevya, msimu wa mavuno ya mpunga ulikuwa ndio msimu wa harusi, na alikuwepo jamaa wa Majimoto naye ana muziki wake. Wenye shughuli walikuwa wanatualika wote wawili makusudi. Yeye anapanga maspika upande ule, mimi upande huu, yanaelekeana, watu katikati, vile vile kama ngoma za babu yako. Ila ngoma ya mkono ina mwisho wake, maana mkono unachoka. Spika haichoki. Jamaa akiongeza, mimi naongeza. Akifungulia besi, mimi nafungua yote iliyopo na kuunganisha honi mbili juu yake. Ikifika saa fulani pale hakuna tena wimbo, ni kishindo tu na vumbi, na mimi nimesimama nyuma ya mashine naangalia miguu ya watu inaelekea wapi.

Ulikuwa hujaanza shule. Mama yako alikuwa msibani kwao, sikuwa na mtu wa kukuachia, nikakukalisha juu ya boksi kubwa la besi ili nisikupoteze kwenye watu. Muziki ulipoanza ukaanza kutikisa kichwa na kupunga mikono. Watu wakacheka. Wakaja kukuona. Uwanja wote ukahama upande wa Majimoto ukaja kwetu, na jamaa wa watu akabaki anawapigia mbuzi. Nikawa nimepata chatu wangu.

Tangu siku hiyo kila shughuli ulikaa juu ya boksi na gauni lako jekundu. Wakakuita Kabula wa Spika. Hata tulipohamia hapa Kawajense, mjini Mpanda, jina lilitufuata, na ukipita sokoni bado wanakuita hivyo, na wewe unacheka na kuwapungia. Mimi zamani nilikuwa nafurahi kuliko wewe. Siku hizi mtu akiliita hilo jina naharakisha nipite. Naona kile kitoto kikitikisika chote kwa besi, miguu inaning'inia usawa wa honi, na mimi nimetabasamu.

Nilitaka kuandika kwamba hakuna aliyeniambia. Si kweli. Mama yako aliniambia. Alisema, "Baba Kabula, huyu mtoto akishuka pale juu namwita, namwita, haitiki." Nikamwambia ni utundu. Asubuhi yake ulikuwa unaitika kama kawaida, nikamwonyesha: si unaona? Ndivyo masikio yanavyomdanganya mtu. Yanaenda, yanarudi, yanaenda, yanarudi pungufu kidogo, na wewe unasherehekea kwamba yamerudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muziki mzuri nilikuwa naujua. Ningekuwa sijui ningejisamehe upesi. Hizi spika za mbao nilipewa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao, kwa sababu nilikuwa namtengenezea jenereta yake kila inapozima. Nilipoziunganisha mara ya kwanza nilizidharau. Hazina kishindo, hata kuku haziwezi kumkurupusha. Nikaweka kanda ya kwaya niliyoirekodi mwenyewe kanisani Usevya kwa mashine ya padri huyo huyo, wakati ule mama yako ndiyo tumeoana. Unaujua wimbo wenyewe. Ngoma zinanyamaza, halafu ubeti wa tatu mama yako anaimba peke yake. Basi ngoma ziliponyamaza, kabla hajaanza, nikamsikia anavuta pumzi. Niligeuka nyuma nikidhani ameingia ndani. Alikuwa shambani.

Nilirudisha kanda nyuma nikasikiliza tena na tena mpaka aliporudi na jembe begani akanikuta nimepiga magoti mbele ya spika. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia, nimekusikia unapumua. Akanicheka wiki nzima.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa namna mbili. Ndani nasikiliza taratibu, mlango nimefunga. Nje nauza kishindo, kwa sababu kishindo ndicho kilichokuwa kinaitwa kwenye harusi. Na wewe nilikulea kote kuwili. Mchana upo juu ya boksi, jioni upo mapajani mwangu mbele ya spika hizi, na ulipokuwa mdogo kabisa, bila mtu kukuonyesha, ulisema, "Baba, mama anapumua." Nilitaka kulia. Nikajua nyumba hii imepata masikio.

Na kweli yalikuwa masikio. Ulipofika sekondari wewe ndiye uliyekuwa unapanga muziki, mimi nabeba nyaya. Tukiingia ukumbini ulikuwa unasimama katikati, unapiga kofi moja, unasikiliza kofi linavyorudi kutoka kwenye kuta na mabati, halafu unasema, "Baba, ile ya kulia tuisogeze, sauti itagonga pale." Sikuwahi kukubishia. Watu walidhani nakulea vizuri kwa kukuamini. Ukweli ni kwamba mimi lile kofi linalorudi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa naegemea kwako kama mtu aliyevunjika mguu.

Mama yako ndiye aliyejua kabla ya wote, na alijua kwa njia mbaya. Alfajiri moja tulikuwa shamba la mpunga kule Usevya, mimi nimetangulia kwenye tuta, nakaribia mfereji. Ghafla akanivuta shati kwa nyuma mpaka likachanika. Kiboko alikuwa ndani ya mpunga pale pale, anatafuna na kupumua kwa nguvu, na mama yako aliniambia baadaye kwamba mtu yeyote mwenye masikio angemsikia tangu barabarani. Mimi nilisikia ukimya. Tulirudi nyuma hatua kwa hatua, ameshika shati langu lililochanika. Pale ndipo nilipopaswa kwenda hospitali. Badala yake nilijifunza ujanja. Nakaa upande wa kushoto wa watu. Wengine wakicheka nacheka. Nikiulizwa kitu naitikia, na jibu la "ndiyo" linafaa mara nyingi kuliko unavyodhani. Mtu anaweza kuishi miaka kwa "ndiyo", lakini ni maisha ya woga, maana kila anayefungua mdomo ni mtihani.

Sasa nizungumzie yale mabishano yetu. Ulipoanza kuvaa vile vidude vya kuchomeka masikioni nilimshukuru Mungu, nikasema kelele imetoka nyumbani kwangu. Sikujua imehamia ndani ya kichwa chako. Ulikuwa unapika navyo, unafua navyo, unalala navyo. Mara moja uliniambia masikio yanakupigia filimbi ukivitoa, nami nikakujibu kwamba hata mimi yananipigia, ni uchovu, itakwisha. Nakumbuka ulivyotulia uliposikia hata mimi. Nilikupa faraja ambayo sikuwa nayo.

Na nilikuwa nawasema sana vijana, unakumbuka. Kwamba muziki mzuri unakufa na sisi. Kwamba nyie mnajaza flashi nyimbo zilizobanwa ili zienee nyingi, mpaka zimekauka, mnazipiga kwenye sabufa inayonguruma, na hakuna kijana atakayekaa chini asikilize wimbo mpaka mwisho akiwa hafanyi kitu kingine. Wewe ukanijibu hapa hapa, unakunja nyaya, "Baba, nyie mlikuwa na spika nzuri na nyimbo chache. Sisi tuna nyimbo zote na spika mbovu. Spika zitakuja." Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema vizuri.

Halafu ukawaleta wale vijana wa bodaboda Jumamosi ile. Ukaunganisha simu yako na amplifaya ya zamani kwa waya, ukapiga nyimbo zisizobanwa, na wao wakakaa kwenye mkeka, viatu nje kama wamekuja msibani. Yule anayefunga muziki kwenye pikipiki, ambaye mtaa mzima tunamsikia akiwa bado yuko stendi, alinyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema polepole, "Kumbe huu wimbo una gitaa." Ni wimbo anaoupiga kutwa nzima, kila siku. Wiki iliyofuata walirudi na wenzao, na mmoja akaanza kuniuliza spika kama hizi zinapatikana wapi, mbao gani, karatasi gani imewekwa ndani. Nilijibu kwa kiburi lakini moyoni nilifurahi. Nikakubali kwamba nilikosea. Muziki wa kusikilizwa haujafa, vijana wakionjeshwa wanautaka, labda kuliko sisi.

Lakini uliona nilichokiona mimi? Yule yule wa pikipiki alikuwa ananiomba niongeze kidogo. Naongeza. Baada ya wimbo mmoja ananiomba tena. Wenzake wameridhika, yeye anasogea karibu na spika, anageuza upande mmoja wa kichwa, ule ule ninaougeuza mimi. Ni kijana ambaye ndevu hazijakaa sawa. Tangu siku hiyo sina raha. Naogopa spika nzuri zitakuja kweli kama ulivyosema, zitafika mpaka Mpanda, vijana watazipenda, watakaa kwenye mikeka yao wanasikiliza, na masikio ya kuzisikilizia yatakuwa yamekwisha. Tutakuwa tumewaandalia karamu watu wasio na ulimi.

Jumapili iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Ulimpa mama yako zawadi ya kuagia. Ulikuwa umeihamisha ile kanda ya kwaya kwenye simu yake, umeisafisha, ule mvumo wote wa kanda umeutoa, na ulikuwa umejifungia na kompyuta siku kadhaa ukiifanya. Tulikaa sote watatu. Wimbo ukapigwa, sauti imekuwa safi kama ya jana. Ngoma zikanyamaza, ubeti wa tatu ukaingia. Nikakuuliza, "Pumzi ya mama yako ipo?" Ukasema, "Ipo, baba, tena sasa inasikika vizuri." Nami nikasema, "Naam, nimeisikia."

Mama yako alikushukuru, akakubusu. Ulipotoka kwenda dukani akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Pumzi yangu haipo. Mmeifuta pamoja na ule mvumo. Na nyie wote wawili mmesema mmeisikia."

Nilijua yangu ni uongo, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni uongo wako. Mimi ni mzee wa kuitikia. Wewe umejifunza lini? Jioni ile nilijifanya nataka kulinganisha, nikakupigia kanda yenyewe kwenye spika za mbao, halafu ile ya simu kwenye spika hizo hizo, nikakuuliza tofauti. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Ulisikiliza kwa makini, ukasema, "Ziko sawa, baba, ila hii yangu haina mvumo." Mama yako akaenda jikoni. Ulimwona akiondoka, nadhani ulielewa kitu, kwa sababu hukula.

Kesho yake asubuhi nilipita nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Ulikuwa umesimama karibu na karo la kufulia, umenipa mgongo. Ulikuwa unasugua vidole viwili pembeni ya sikio la kulia. Unasimama, unasikiliza. Unahamia la kushoto. Unarudi la kulia, unasogeza vidole karibu zaidi, karibu zaidi. Kabula, mimi kitendo hicho nakifanya kila siku nikiamka, kabla sijamsalimia mama yako. Hakuna mtu aliyenifundisha na hakuna mtu aliyewahi kuniona. Nilidhani ni changu peke yangu duniani.

Nilipaswa kukuita. Nilichukua kuni nikarudi ndani kwa kunyata, mimi ambaye hata sijui kama nyayo zangu zinasikika. Niliogopa kwamba ukigeuka utaniangalia, na nitaona usoni kwako kitu ambacho siwezi kukitengeneza kwa bisibisi.

Sikuombi uache kazi. Naijua kazi hii, najua huwezi kuachana nayo, na hiyo mitambo waliyokuonyesha kwenye picha hata mimi ningeifuata. Ila ngoja nikwambie kilichonipata mwishoni, kabla hujanipokonya mikisa. Ilikuwa harusi hapa hapa mjini. Nilikuwa naona sauti za juu hazitoki, nikawa naongeza makali, naongeza, mpaka nikaanza kuyasikia mimi. Nikainua macho nikaona watu wameshika masikio kwa mikono miwili. Nikadhani wanashangilia. Nikaongeza tena. Bibi harusi ndiye aliyekuja mwenyewe na shela lake akazima swichi.

Huko unakokwenda hakuna bibi harusi wa kuzima swichi. Utakuwa na maspika marefu kuliko nyumba hii, na mbele yake vijana wamesimama wamekuamini. Kile usichokisikia utakiongeza. Utakiongeza mpaka ukisikie wewe, na wao watakipokea kwenye masikio yao ambayo bado ni mazima. Watakuwa kama kile kitoto cha gauni jekundu, wanapunga mikono. Na hakuna mtu atakayejua, kwa sababu kila mtu akikuuliza utasema iko vizuri, naisikia. Mimi nilimharibu mmoja, ambaye nampenda kuliko roho yangu, na sipati usingizi. Wewe sitaki ubebe maelfu.

Inawezekana nimekosea. Inawezekana ni nta tu, au uchovu, au ile kompyuta ndiyo mbovu. Naomba iwe hivyo. Kila nikisali naomba mama yako ndiye awe amesikia vibaya, Mungu anisamehe, maana masikio yake ndiyo pekee yaliyobaki mazima nyumba hii. Lakini wewe na mimi tumeishi kwa "inawezekana" muda mrefu mno, na ndiyo maana tuko hapa.

Sasa sikiliza nilichokifanya bila kukuuliza, unikasirikie ukitaka. Nimekata tiketi yangu. Kesho sitakusindikiza mpaka stesheni tu, nitapanda treni na wewe mpaka Tabora. Nimeulizia, yupo daktari wa masikio pale, ana chumba na mashine ya kupimia. Umeniambia kazini wanakutegemea wiki ijayo, kwa hiyo siku moja au mbili za Tabora hazitaharibu kitu. Mama yako anajua. Ndiyo maana karanga anazokaanga ni nyingi hivyo.

Ukikataa sitakulazimisha, wewe ni mtu mzima. Nitakusindikiza mpaka upande treni ya Dar es Salaam, halafu nitakwenda kwa daktari peke yangu, kwa sababu hata mimi nimechoka. Lakini nisome vizuri, mama. Mtu akiingia pale anavalishwa hedifoni, anaambiwa anyanyue mkono kila anaposikia mlio. Hakuna wa kuitikia. Hakuna wa kumtazama usoni ukabahatisha. Nimekiogopa hicho chumba tangu siku ya kiboko, nimekiogopa kuliko kiboko mwenyewe.

Nitaingia mimi kwanza. Wewe kaa kwenye benchi nje. Nikitoka usinisome usoni, niulize, na nitakwambia nilichoambiwa jinsi kilivyo, hata kama ni kibaya, hata kama ni kibaya sana. Halafu utaingia wewe, na mimi nitakaa kwenye benchi hilo hilo niogope kwa ajili yetu sote wawili, ili wewe mle ndani usiwe na kazi nyingine isipokuwa kusema kweli.

Baba yako,
Baba Kabula